Jina moja, mafaili sita: namna ya kuwakalisha polisi, magereza, mashtaka na ustawi wadili na wezi wazoefu

Kama umewahi kukaa benchi la mahakama ya wilaya siku ya hukumu, hii sentensi unaijua kwa moyo. Hakimu kamaliza kusoma, kamtia mtu hatiani, anamgeukia mwendesha mashtaka kuuliza kuhusu makosa ya nyuma, na mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma za mshtakiwa, ila tunaomba apewe adhabu kali iwe fundisho kwake na kwa wengine." Anakaa. Na pale nyuma yuko askari magereza aliyemshusha huyo mshtakiwa kwenye karandinga asubuhi, askari anamjua jamaa mpaka jina la utani maana hii ni mara ya tatu anamfungulia geti, lakini hajaulizwa na hana pa kusemea. Jamaa anapigwa adhabu ya mkosaji wa mara ya kwanza, miezi sita au faini, watu wanatawanyika.

Mi nimefanya kazi Tanzania upande wa uangalizi (wale wanaofuatilia watu wanaotumikia adhabu nje ya gereza) na ustawi miaka mingi, wilaya siitaji, na hiyo sentensi nimeisikia hadi ikafika mahali naimaliza kichwani kabla ya mwendesha mashtaka. Sasa naandika hapa namna tulivyokuja kuliziba hilo pengo, na pale tulipochemka pia nitasema, kwa faida ya yeyote aliyeko ofisi ya mashtaka, polisi, magereza, halmashauri, au hata asasi ya kiraia inayotaka kuwasukuma hawa watu wakae pamoja.

Kwanza uelewe kwanini unahangaika na watu wachache tu. Kuna utafiti maarufu wa Marekani, Philadelphia, walifuatilia wavulana waliozaliwa mwaka 1945 wakakulia mjini humo, jumla 9,945, na matokeo yakatoka kwenye kitabu mwaka 1972. Wavulana 627 tu, kama asilimia 6 hivi, ndio waliofanya zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyoandikwa polisi. Hiyo ni Marekani ya zamani, sawa, lakini nenda kamuulize mkaguzi wa polisi wa kata yoyote ya Dar, iwe Tandika au Manzese, nani anavunja nyumba za watu kwenye kata yake, hatakutajia watu mia, atakutajia saba, nane, na kuhusu mmoja wao atakwambia "yule yuko ndani saa hizi, akitoka tu utasikia". Hapo kwenye "akitoka tu utasikia" ndipo kazi yetu ilipo. Kila mtu anajua atatoka, ila hakuna anayejua lini.

Kwa hiyo usianze kwa kuunda kamati. Naomba hili ulishike maana ndio kosa la kwanza la kila mtu. Kamati zipo tele, kuna kamati ya kusukuma mashauri anayoiongoza hakimu mfawidhi, kuna kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya chini ya DC, yaani mkuu wa wilaya, kuna vikao vya polisi jamii, na zote zina kazi yake lakini zote zinajadili mada. Mlundikano wa mahabusu. Ucheleweshaji wa upelelezi. Changamoto ya dawa za kulevya kwa vijana. Mnakunywa maji, mnakula sambusa, mnasaini posho, mnaondoka. Mada haiibi sait mira ya gari ya mtu. Unachotaka wewe ni kikao cha majina, kidogo, cha watu sita au saba, ambacho agenda yake ni mtu mmoja baada ya mwingine na swali moja: huyu yuko wapi leo na nani anamshughulikia.

Pa kuanzia ni magereza, siyo polisi. Najua watu watashangaa, polisi ndio wenye nguvu na gari, lakini polisi wanamjua mtu akishaiba, magereza ndio wanajua siku atakayorudi mtaani. Sheria ya Magereza ya 1967 inampunguzia mfungwa theluthi moja ya kifungo akitulia, kwa hiyo hakimu akitamka miaka mitatu, magereza wanasoma miwili, na ile tarehe inaandikwa kwenye kumbukumbu zake mapema kabisa. Yaani tarehe ipo! Imekaa kwenye daftari muda wote huo, sema hakuna aliyeiomba. Mlalamikaji aliyeibiwa anahesabu mitatu, polisi aliyemkamata ameshahamishwa, halafu siku moja mama anakutana na mwizi wake sokoni anadhani katoroka.

Sasa unafanyaje. Unamwandikia barua mkuu wa gereza, ipitie kwa mkuu wako ili isigonge ukuta, unaomba kila mwanzo wa mwezi orodha ya wanaotarajiwa kutoka ndani ya siku sitini, waliofungwa kwa wizi, uvunjaji au kupora, wenyeji wa wilaya yako, na ambao hii siyo mara yao ya kwanza. Usiombe zaidi ya hapo, ukiomba taarifa za gereza zima utanyimwa na ni haki yao kukunyima. Kwa Dar kuna kasheshe yake maana mtu anakamatwa Temeke halafu anakaa Segerea au Ukonga, kwa hiyo barua yako inabidi iende magereza zaidi ya moja. Mikoani ni rahisi kidogo, gereza la wilaya ni moja na mkuu wa gereza mnaswali naye msikiti mmoja au mnasali kanisa moja.

Ongeza na kitu kimoja watu wanakisahau: msamaha wa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais hiyo nguvu, na kwa mazoea unatoka kwenye sikukuu za kitaifa, 9 Desemba na 26 Aprili. Siku hizo geti linafunguliwa kwa watu wengi kwa mpigo, na zile tarehe zako zote ulizopanga zinavurugika. Kwa hiyo wiki moja kabla, mpigie yule wa kumbukumbu za magereza. Hawezi kukutajia jina kabla halijatangazwa, na usimlazimishe, ila mkubaliane kwamba ile jioni ya tangazo likishatoka anakuangalizia majina yako fasta.

Halafu linakuja suala la majina yenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo tulipopoteza miezi. Mtu mmoja, mfano tu, polisi kaandikwa Juma Ally, mahakamani Ally Juma Ally, gerezani Juma Hamisi maana siku hiyo aliamua kutumia jina la babu, kliniki ya tiba ya uraibu wanamjua kwa namba, mtaani anaitwa Chapati, na ustawi hana faili kabisa ila mama yake analo. Mafaili sita, kichwa kimoja. Ukileta haya majina kwenye kikao kila ofisi itaapa kwamba haimjui. Sisi kikao cha pili tulijadili watu wawili kwa nusu saa nzima, huyu anasema "wa kwangu kafungwa", yule anasema "wa kwangu yuko nje kwa dhamana", kumbe... subiri, siyo kwamba alikuwa mmoja, walikuwa ndugu wawili wanaotumia jina moja kwa zamu! Mmoja alikuwa ametumikia kifungo kwa jina la mwenzake. Tangu siku hiyo hakuna jina lililoingia kwenye listi yetu bila alama za vidole au namba ya NIDA, na kama vyote hamna basi picha.

Alama za vidole ndio nyumba ya kumbukumbu za makosa ya nyuma. Tatizo kesi nyingi za hawa wazoefu ni ndogondogo zinaishia Mahakama ya Mwanzo, ambako kwa kawaida kifungo hakizidi miezi kumi na miwili, na mtu anakamatwa asubuhi mchana yuko kizimbani bila hata wino kugusa kidole. Anaenda, anarudi, anaenda, anarudi, na kwenye kumbukumbu kuu za polisi ni malaika. Kubaliana na OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, kitu kimoja tu: yeyote anayekamatwa kwa wizi au uvunjaji, hata kama kesi inakwenda Mwanzo, anachukuliwa alama kabla hajatoka kituoni. Na mwendesha mashtaka awe na nakala za hukumu za nyuma zilizothibitishwa na mahakama, kwenye faili la kila mtu wa listi, zikisubiri. Siyo kuanza kuzitafuta siku ya hukumu. Hapo ndipo ile sentensi ya "hatuna kumbukumbu" inapokufa.

Listi iwe na watu wangapi? Kumi na tano, ishirini, ikizidi sana ishirini na tano kwa wilaya nzima. Watakushawishi uweke themanini, kila kata itataka watu wake waingie kama vile ni mgao wa mbolea. Kataa. Mtu ambaye hakuna atakayemtembelea mwezi huu hana sababu ya kuwepo. Anayeingia ni yule ambaye ana hukumu zaidi ya moja au kukamatwa kwingi kwa karibu karibu, makosa yake yanaumiza watu kweli kwenye mtaa, na yuko nje au anatoka karibuni. Wa unyang'anyi wa silaha usihangaike naye hapa, huyo akipatikana na hatia ni miaka thelathini, ana njia yake. Na watoto chini ya miaka kumi na nane usiwachanganye kabisa, Sheria ya Mtoto ya 2009 imewawekea utaratibu wao, waache kwa afisa ustawi na mahakama ya watoto, mtoto ukimwandika kwenye daftari moja na wazoefu wa miaka arobaini umeshamfundisha yeye ni nani.

Wa kukaa kwenye kikao: mpelelezi kutoka kwa OC-CID, mkaguzi wa kata ambayo jina linatoka, mwendesha mashtaka kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, afisa wa magereza anayeshika kumbukumbu, afisa uangalizi na huduma kwa jamii wa Mambo ya Ndani, afisa ustawi wa halmashauri, na mtu wa kliniki kama kuna kliniki ya methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, karibu. Afisa maendeleo ya jamii aje pale mnapozungumzia riziki. Usiwaite wakubwa. Mkubwa atamtuma mwakilishi, mwakilishi atasema "nitalifikisha", na kikao kijacho atakuja mwakilishi mwingine ambaye hajafikishiwa chochote. Mkubwa umuombe baraka na barua ya kumteua mtu mmoja kwa jina, huyohuyo kila mara.

Hakimu je? Hakimu asikae. Hapa nitagombana na baadhi ya wenzangu ila ndio msimamo wangu. Huyo hakimu kesho ataletewa mtu huyohuyo kizimbani, atamsikilizaje kwa haki wakati jana alikuwa anasikia polisi wakimwelezea juu ya meza ya chai? Wakili yeyote aliyeamka atamtaka ajitoe, na atakuwa sahihi. Mahakama inapata taarifa kwa njia zake za wazi, kwenye kumbukumbu zinazotolewa na mashtaka baada ya mtu kutiwa hatiani na kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii ya afisa uangalizi, ambazo mshtakiwa naye anazisikia na kuzipinga. Wenzetu wa Kenya wana kamati za watumiaji wa mahakama kila kituo, ziko chini ya lile baraza la taifa la usimamizi wa haki lililoundwa na sheria yao ya 2011, na hakimu au jaji ndiye mwenyekiti, na zinasaidia kweli kusukuma mambo ya mfumo, magari, usafi wa mahabusu, mashahidi. Hizo ni za mfumo, ndio maana hakimu anakaa bila shida. Majina ni kitu kingine. Ila kitu kimoja nawaonea wivu Kenya, idara yao ya uangalizi hata kwenye jina imeandikwa kwamba kazi yake ni pamoja na kumfuata mtu baada ya kifungo, kwetu mtu akitoka geti ni kama amekufa kiofisi.

Ngoja nikuonyeshe jina moja likijadiliwa, ndio utaelewa. Kijana wa sait mira na pawa windo, umri kama ishirini na nane. Mpelelezi akaanza: huyu tunamjua, akitoka tunamdaka tena, kazi rahisi. Wa magereza akasema huyu ndani ni kinyozi mzuri, ananyoa hadi maaskari, hana ugomvi na mtu. Kimya kidogo. Yule nesi wa kliniki akauliza, ana kovu hapa juu ya jicho? Ndiyo. Basi huyu alikuwa anakunywa dozi kwetu vizuri tu, akapotea ghafla mwaka juzi, tukaandika "ametoroka tiba". Hakutoroka, alikamatwa. Mkaguzi wa kata akaongeza kwamba mama yake alishahama chumba, amerudi kwao Lindi, kwa hiyo huyu akitoka hana mlango wa kugonga, atakwenda kulala maskani kwa wale wale. Dakika kumi hazijaisha. Watu wanne kila mmoja alikuwa na kipande, na ukiacha hicho cha nesi, ambacho nitakirudia, hakuna kipande kilichokuwa siri ya kazi, ni vile tu hawajawahi kuulizwa wakiwa chumba kimoja.

Tukapanga: afisa ustawi ampate dada yake, nesi amwekee nafasi asubuhi ya pili baada ya kutoka, afisa uangalizi amsubiri getini. Nilimsubiri mimi. Alitoka na mfuko wa rambo na fulana aliyokamatwa nayo, akaniangalia kama mtu wa kumtapeli, akauliza "we nani, nimefanya nini tena?" Tulipanda daladala. Kwa dada yake tulikuta wameshamwekea godoro sebuleni. Sitaki kukudanganya, huyo kijana mwezi wa tatu aliteleza, akakamatwa na taa za gari, tukarudi naye mezani upya. Baada ya hapo alikaa muda mrefu bila kuguswa na polisi, na mara ya mwisho nilimwona ananyoa chini ya mwembe na mashine ya kuazima.

Hilo la kliniki lishike sana kama uko Dar, Tanga, Mwanza au popote unga umeingia. Methadone ilianza Muhimbili Februari 2011 na dozi inanywewa kila siku mbele ya mtoa huduma, hupewi ukanywee nyumbani hivihivi. Sasa mtu akikamatwa Ijumaa kwa jambo dogo akalala lokapu mpaka Jumatatu, amekosa dozi siku tatu, anatoka na dhamana akiwa na arosto, yale maumivu ya kukosa dozi, inayomtoa machozi, na cha kwanza atakachokitafuta unakijua, na hela ya kukinunua itatoka kwenye gari la nani unajua pia. Polisi wenyewe wametengeneza wizi wa Jumatatu jioni. Dawa yake ni namba ya simu ya kliniki kubandikwa kaunta ya kituo na OCS, mkuu wa kituo, kukubali kwamba mtu wa tiba anapelekwa kunywa dozi na kurudishwa. Gharama yake ni askari mmoja na pikipiki.

Lakini wasije wakakwambia huu ni mpango wa kubembeleza wezi. Una mikono miwili, na wa pili ni mzito. Boston kule Marekani, mwaka 1992, maafisa uangalizi waligundua kwamba amri za mahakama za kukaa ndani usiku ni karatasi tu maana hakuna anayekwenda kuangalia, wakaanza kuzunguka usiku na polisi kwenye gari moja, wanagonga mlango, kijana yupo au hayupo. Mwaka 1996 wakaenda mbele zaidi, wakawaita vijana wa magenge, wakakaa nao polisi, mashtaka, uangalizi, na viongozi wa makanisa, wakawaambia uso kwa uso: tunawajua kwa majina, mauaji yaishe, anayetaka msaada huu hapa, genge litakaloua linaangukiwa na ofisi zote kwa pamoja. Mauaji ya vijana yalishuka kwa zaidi ya nusu, wataalam bado wanabishana kiasi gani ni kwa sababu ya mpango wenyewe na kiasi gani hali ilikuwa inatulia tu, ila hakuna anayebisha kwamba hapo nyuma zile ofisi zilikuwa hazisalimiani. Uingereza nao tangu 2009 wana utaratibu ambao polisi na uangalizi sehemu nyingi wanakaa ofisi moja na kila mtu wa listi ana rangi, nyekundu, njano, kijani, kutokana na anavyokwenda. Rangi tuliiba, kalamu za wino tatu bei yake buku na kitu.

Kwa hiyo mwambie mtu yuko kwenye listi. Usimvizie. Mkaguzi wa kata na afisa uangalizi wanakwenda wawili, nguo za kiraia, na tafadhali difenda lisipaki mbele ya nyumba ya watu maana mtaa mzima utajua na mwenye nyumba atamfukuza kesho yake. Mnakaa, mnaongea kawaida. "Bwana mdogo, tunajua umetoka, tunajua kesi zako zote tatu, karatasi zake hizi hapa. Kazi ya kunyoa tutakusaidia kutafuta. Ukiibiwa wewe njoo kwetu. Ukiiba, safari hii hukumu zako zote zitasomwa." Wengi hiyo ndio mara ya kwanza mtu wa serikali anawaita kwa jina sahihi.

Na ukisema utafanya, ufanye. Mtu wa listi akidakwa tena, faili lake lisikae. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 kesi nyingi za kawaida hazitakiwi kufikishwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, kwa hiyo mpelelezi na mwendesha mashtaka waongee siku ileile kujua kinachopungua. Dhamana ni haki yake kwa makosa yanayodhaminika, usiseme tu "tunapinga kwa maslahi ya umma", leta sababu, aliruka dhamana lini, kesi namba ngapi. Na mlalamikaji! Kesi nyingi za wazoefu hazifi kwa kukosa ushahidi, zinakufa kwa sababu mama lishe aliyeibiwa simu amekuja mara tatu, imeahirishwa mara tatu, ya nne ameamua akapike. Tulimpa karani mmoja kazi ya kupiga simu jioni kabla ya tarehe, "mama kesho ipo kweli, njoo saa tatu", vocha ya elfu mbili kwa wiki. Sidhani kama kuna hela ya serikali niliyowahi kuiona ikifanya kazi kubwa kuliko hiyo vocha.

Sasa hatari. Listi yako ikivuja mtaani, umeua mtu. Sisemi kwa kutia chumvi, nchi hii mtu anachomwa na tairi kwa kupigiwa kelele tu za mwizi, taarifa inasomeka "wananchi wenye hasira kali", basi. Kwa hiyo listi haiingii kwenye grupu la WhatsApp, hata la wana kamati tu, haipigwi picha, mjumbe wa shina na vijana wa ulinzi shirikishi hawapewi, wao mnaweza kuwauliza swali juu ya mtu lakini hamuwapi karatasi. Nakala ni moja, inakaa kwenye kabati lenye kufuli, anayeisoma anasaini. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na rekodi za makosa na za afya ni taarifa nyeti, kwa hiyo yule nesi hasemi ugonjwa wa mtu kikaoni, anasema tu kile ambacho mgonjwa mwenyewe amekubali kisemwe. Yule wa kovu juu ya jicho? Nesi wetu alivuka mstari siku ile, na baadaye tulibadilisha, siku hizi anayemuomba mtu ridhaa ni afisa wetu akiwa bado gerezani, na mtu anasaini fomu.

Hatari nyingine ni polisi kuifanya listi kuwa sababu ya kukamata. Kukiwa na wizi wowote usiku asubuhi wanazoa watu wa listi. Kuwa kwenye listi siyo kosa, hilo liandikwe ukurasa wa kwanza. Tulishaona kwenye hofu ya Panya Road, magenge ya vijana waporaji wa Dar, Januari 2015, msako ukazoa mamia ya vijana, na 2022 jina hilohilo likarudi mjini. Ukizoa mamia humjui hata mmoja. Tume ya Rais ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023, ilipitia taasisi zote za mnyororo huu, na ukikaa nao hao maafisa wa chini watakwambia kero zao zinafanana, kila mmoja anamlaumu wa kabla yake.

Riziki nitapita haraka maana siyo utaalam wangu na ahadi za uongo hapa zinaharibu kila kitu. Kazi za kampuni nyingi zinadai cheti cha polisi cha tabia njema, kwa hiyo mtu wako huko hapiti, usimpoteze muda. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vijana, kwa kawaida inataka vikundi, na kikundi gani kitamchukua mwizi wao? Kilichofanya kazi kwetu ni vitu vidogo, mashine ya kunyolea, toroli, fundi aliyekubali saidia fundi mmoja kwa sharti kwamba sisi tunapokea simu yake muda wowote. Na waliojifunza ufundi gerezani uulize cheti chao kiko wapi kabla hawajatoka, ukisubiri watoke ndio ukifuatilie utazunguka mpaka viatu viishe.

Kupima: usihesabu vikao. Andika kila jina, ametoka lini, amekamatwa tena lini au hajakamatwa, siku ngapi hapo katikati, na vifungo vyake vya nyuma alikaa nje siku ngapi kabla ya kurudi. Ila uwe mkweli, mtu anaingia kwenye listi akiwa kwenye kilele cha ubaya wake, na mwaka unaofuata wengi wangeshuka wenyewe hata mngekaa mnacheza bao. Kwa hiyo weka pembeni majina kadhaa yanayofanana nao ambayo hamkuyashughulikia kwa kukosa nafasi, uangalie na wao wanakwendaje. DC akitaka takwimu za kusema jukwaani mpe hizo zote mbili. Akikaa mwaka mzima hajaguswa, mtoe kwenye listi na umwambie ametolewa, tulimwambia mmoja akaomba karatasi ya kumwonyesha mkewe, tukamwandikia.

Mwisho ni uhamisho, na hapa ndipo tulipoanguka vibaya. Kitu chote kilikuwa kimesimama kwa mpelelezi mmoja mwelewa, akahamishwa mkoa mwingine kwa taarifa ya siku tatu. Mgeni wake alikuta daftari kwenye droo akadhani ni la michango ya harusi, maana juu niliandika majina na tarehe tu bila maelezo. Karibu miezi miwili hakuna aliyekaa, na ndani ya hiyo miezi watu wanne wa listi walitoka gerezani bila mtu getini. Siku hizi makabidhiano yanafanyika kwa saini, mgeni anakaa na afisa uangalizi asubuhi nzima wanapita jina moja moja, halafu mchana wanazunguka wote kwenye zile nyumba, anapelekwa mpaka kwa dada mtu kule kwenye godoro la sebuleni, anasalimia, anaonyeshwa choo kiko wapi, ndio anarudi ofisini kuripoti kazini.